Maswali ya wazazi kuhusu National Honor Society na baraza la wanafunzi katika sekondari za Marekani

Kila mwaka, shule nyingine mwanzoni mwa masomo na nyingine inapokaribia Machi au Aprili, wazazi wanaozungumza Kiswahili katika miji ya Marekani huletewa nyumbani barua ya ukurasa mmoja ya National Honor Society, jumuiya ya heshima ya wanafunzi wanaofaulu, yenye nembo ya mwenge na jiwe la tao. Barua imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, mtoto ana haraka ya kwenda mazoezini, na maelezo anayoyatoa ni mafupi: "Ni mambo ya shule tu, mama." Majibu yafuatayo yametokana na maswali ambayo wazazi, wengi wao waliosomea Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya, wamekuwa wakiuliza tukiwa tumeketi nao na barua hiyo iko mezani.

Barua inasema mwanangu anastahili. Je, amekwisha kuwa mwanachama?

Bado. Barua hiyo inasema jambo moja tu, kwamba wastani wa alama zake umefikia kiwango cha tawi la shule yake, na kwa hiyo anaruhusiwa kuomba. Pamoja nayo huwa kuna fomu, ya karatasi au ya kujaza kwenye kompyuta, yenye tarehe ya mwisho ambayo walimu huishika bila huruma. Kosa tulilolishuhudia mara nyingi kuliko yote ni la familia kupiga simu Goma na Kigoma kutangaza habari njema, ilhali fomu yenyewe imejikunja chini kabisa ya begi la shule pamoja na maganda ya machungwa. Itafuteni kwanza ile tarehe. Simu zinaweza kusubiri.

National Honor Society ni nini, na ilianzaje?

Jumuiya hii, ambayo shuleni hutajwa kwa herufi zake tatu tu, NHS, ilianzishwa mwaka 1921 na chama cha taifa cha wakuu wa shule za sekondari cha Marekani, ambacho ndicho kinachoisimamia hadi leo. Tawi la kwanza lilikuwa katika sekondari ya Fifth Avenue mjini Pittsburgh, ambako Edward Rynearson alikuwa mkuu wa shule. Mwaka 1929 ikaongezwa jumuiya ndogo ya wanafunzi wa darasa la sita hadi la tisa, inayoitwa National Junior Honor Society, wakati NHS yenyewe ni ya darasa la kumi hadi la kumi na mbili. Uanachama husimama juu ya nguzo nne: ufaulu, huduma, uongozi na tabia. Barua mliyoipata inahusu nguzo ya kwanza peke yake, na hizo tatu zilizobaki ndizo zinazoulizwa kwenye fomu.

Mwaka jana mwanangu alipewa cheti cha "honor roll", na ana masomo yanayoitwa "honors". Je, si vitu hivyo hivyo?

La, ingawa neno ni moja, na ni vigumu kumlaumu mzazi anayechanganya. Honor roll ni orodha ya waliopata alama za juu katika kipindi kimoja cha masomo. Jina huingia, na kipindi kijacho likaweza kutoka. Masomo ya honors ni masomo ya kawaida yanayofundishwa kwa kina na ugumu zaidi. Honor society ni jumuiya ambayo mtu huomba, huchaguliwa, huapishwa, na baada ya hapo hudaiwa kazi.

Alama zinazotakiwa ni zipi hasa?

Katiba ya taifa ya NHS imeweka kiwango cha chini cha asilimia 85, au B, au wastani wa 3.0 katika kipimo cha 4.0. Tawi linaruhusiwa kupandisha kiwango hicho lakini haliruhusiwi kukishusha, na ndiyo maana jirani yako katika wilaya nyingine ya elimu anaweza kukuambia 3.5 nawe ukaambiwa 3.0, na wote wawili mkawa mnasema kweli.

Jambo linalowagusa watoto wetu zaidi ni kwamba wastani unaotazamwa ni ule uliojumlishwa tangu sekondari ilipoanza, wala si wa muhula huu. Kijana aliyefika darasa la tisa akitokea Nyarugusu au Kakuma, akapata C nyingi mwaka wa kwanza kwa sababu alikuwa anajifunza kemia na lugha ya kemia kwa wakati mmoja, huburuta C hizo hata anapokuja kupata A tupu. Mzazi mwenye kijana wa namna hiyo amwombe mshauri wa wanafunzi nakala kamili ya matokeo, wakae pamoja, wapitie somo kwa somo, hasa pale penye masomo yaliyohamishwa kutoka shule za nje. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayoitwa FERPA humpa mzazi haki ya kuona kumbukumbu za mtoto wake, na shule haipaswi kupitisha siku 45 tangu ilipoombwa.

Nani anayechagua? Ni mkuu wa shule?

Mkuu wa shule huteua walimu watano, na hao ndio wanaopiga kura. Mwalimu mlezi wa tawi huketi nao na kuendesha kikao, lakini yeye hapigi kura, na mkuu wa shule mwenyewe hakai katika jopo hilo la walimu. Mwombaji hupita kwa wingi wa kura. Inafaa kukumbuka maana ya mpango huu kwa mtoto asiyejulikana sana: yawezekana kabisa kwamba kati ya walimu hao watano hakuna hata mmoja aliyewahi kumfundisha, na yote watakayoyajua juu yake ni yale aliyoyaandika kwenye fomu.

Fomu inauliza nafasi za uongozi. Mwanangu hajawahi kuwa kiongozi wa chochote. Aache wazi?

Asiache wazi, na hapa ndipo tungependa wazazi watusikilize kwa makini, kwa sababu watoto wetu wengi zaidi hukwama hapa kuliko kwenye alama.

Sisi tumewalea wasijisifu. Mtoto anayetaja mambo yake mbele ya wakubwa huambiwa ana kiherehere, na anayenyamaza husifiwa kwa adabu. Kisha mtoto huyo huyo anapewa karatasi inayomtaka ajieleze, naye anafanya kile alichofundishwa nyumbani: anaandika mistari miwili, anaweka kalamu chini. Msichana mmoja wa darasa la kumi na moja alituletea fomu ambayo sehemu ya uongozi ilikuwa nyeupe kabisa. Tulimuuliza anafanya nini siku za Jumamosi. Akasema huenda kwaya. Hufanya nini huko? Huita majina, huandika nani hakuja, hukusanya pesa za sare, dola tano tano, na kuziandika kwenye daftari lenye jalada la kijani alilokuwa nalo mkobani muda wote huo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka miwili, kwa vijana 22, wala haikumpitia akilini kwamba huo ni uwekahazina.

Kuandika ukweli si kujisifu. Fomu haihitaji cheo; inahitaji kujua nini kilifanyika, kwa muda gani, kwa ajili ya nani, na mtu mzima yupi anaweza kushuhudia. Kijana aliyeandika "husaidia kanisani" na mwingine aliyeandika "kila Jumamosi tangu Septemba mwaka juzi huweka mahudhurio na hesabu za kwaya ya vijana 22" huenda wakawa ni mtu yule yule, lakini mbele ya wale walimu watano ni watu wawili. Kazi ya mzazi si kumwandikia. Ni kumkumbusha, kwa Kiswahili, jioni, mambo ambayo yeye ameyazoea kiasi cha kutoyaona.

Kulea wadogo zake na kumtafsiria bibi yake kunahesabiwa kuwa huduma?

Katika nguzo ya huduma, kwa kawaida hapana, kwa kuwa huduma maana yake hapo ni kazi ya kujitolea, isiyo na malipo, kwa watu walio nje ya familia. Hata hivyo majukumu hayo yasifichwe. Mahali palipoachwa kwa maelezo ya jumla, au katika insha fupi ambayo matawi mengi huitaka, kijana aeleze kwamba hurudi nyumbani saa tisa kuwapokea wadogo zake watatu kwa sababu wazazi wote wawili wako zamu ya jioni kiwandani. Mwalimu mwenye akili ataelewa kwa nini saa zake za kujitolea ni chache.

Kuhusu kutafsiri: kijana akiwasaidia wageni kujaza fomu za maktaba au kuwaongoza siku ya mkutano wa wazazi, hiyo ni huduma safi kabisa na iandikwe. Kumpeleka mtoto wa miaka 15 akatafsiri maneno ya daktari kuhusu ugonjwa wa jirani ni jambo jingine, nasi tunawasihi wazazi wasiruhusu, hata kama saa hizo zingehesabiwa. Hospitali ina wakalimani wa simu.

Na kazi za msikitini au kanisani?

Matawi hutofautiana. Mengi hukubali kazi inayowanufaisha watu wote, kama kugawa chakula au kukusanya makoti ya baridi, hata kama imefanyikia nyumba ya ibada, lakini baadhi hukataa kufundisha dini au kuimba katika ibada. Mwalimu mlezi aulizwe mapema, kwa barua pepe, ili jibu libaki kwenye maandishi.

Uanachama unagharimu kiasi gani?

Ada ya mwanachama hupangwa na tawi, na katiba ya taifa imeiwekea kikomo cha dola 20 kwa mwaka. Matawi mengine hayatozi chochote. Mbali na ada kunaweza kuwa na gharama za fulana, au za kitambaa na uzi wa rangi ambao wanachama huvaa shingoni siku ya mahafali. Familia isiyoweza kulipa imwambie mwalimu mlezi faraghani. Shule nyingi zina njia za kulimaliza jambo hilo kimya kimya, na hakuna mwalimu wa maana atakayetaka kumpoteza mwanafunzi mzuri kwa dola 20.

Tumepokea barua nyingine, ya jumuiya yenye jina la fahari, inayoomba pesa moja kwa moja. Tulipe?

Msilipe kabla ya kumwonyesha mshauri wa wanafunzi. NHS huja kupitia tawi la shule, na mwalimu mlezi wake ana jina, chumba na nambari ya mlango. Zipo jumuiya zinazotuma barua za dhahabu kwa maelfu ya wanafunzi waliojaza majina yao katika dodoso fulani, zikidai ada ambayo mara kadhaa huzidi ile dola 20. Si zote ni ulaghai, lakini karibu zote zinauza kitu ambacho mtoto hakihitaji.

Je, mtoto asiye raia anaweza kujiunga?

Katika zile nguzo nne hakuna uraia. Haki ya mtoto ya kusoma shule ya umma bila kujali hati zake za uhamiaji ilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas. Ufadhili wa masomo ya chuo ni habari nyingine, kwa kuwa kila mfadhili huweka masharti yake, na yasomwe moja baada ya jingine.

Hakuchaguliwa. Tunaweza kukata rufaa?

Ofisi ya taifa haisikilizi rufaa za wasiochaguliwa. Jambo huishia shuleni. Mzazi anaweza kumwona mwalimu mlezi, kisha mkuu wa shule, na swali lenye manufaa ni hili: je, utaratibu ulifuatwa, na fomu ilisomwa yote? Mara nyingine karatasi ya pili hupotea. Mwanafunzi wa darasa la kumi au la kumi na moja anaweza kuomba tena mwaka unaofuata, na wengi hupita safari ya pili baada ya kuandika vizuri zaidi.

Pale ambapo sababu ya kukataliwa inagusa ubaguzi, mahakama zipo. Mwaka 1998 wasichana wawili wa wilaya ya Grant, katika jimbo la Kentucky, hawakupokelewa katika tawi la shule yao, mmoja akiwa mjamzito na mwingine akiwa amekwisha kujifungua, ingawa alama zao zilitosha. Mahakama ya shirikisho iliamuru wapokewe kwanza wakati kesi ikiendelea, kwa kuzingatia sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu.

Akishachaguliwa, anaweza kuondolewa?

Anaweza, ikiwa alama zitashuka, akikwepa saa za huduma, au akivunja kanuni za shule. Kwa kawaida huonywa kwanza kwa maandishi na kupewa muda wa kujirekebisha, isipokuwa kosa likiwa kubwa. Kwa vyovyote vile ana haki ya kusikilizwa mbele ya wale walimu watano kabla ya uamuzi, na uamuzi ukishatoka anaweza kukata rufaa kwa mkuu wa shule. Aliyeondolewa harudi tena, na vivyo hivyo aliyejiuzulu. Kwa hiyo kijana aliyechoka asiandike barua ya kujiuzulu kwa hasira ya siku moja.

Tukihamia jimbo jingine?

Familia nyingi zetu huhama, kufuata kazi au ndugu, nasi tumeona watoto wakianza upya bila sababu. Kabla ya kuondoka, chukueni barua ya mwalimu mlezi au mkuu wa shule inayothibitisha uanachama. Tawi jipya hupaswa kumpokea mtoto moja kwa moja kama mwanachama, naye hupewa muhula mmoja wa kufikia viwango vya hapo. Mwanafunzi ambaye alikuwa bado hajachaguliwa hutakiwa kuwa amesoma shule mpya kwa muda unaolingana na muhula mmoja kabla ya kuomba.

Na baraza la wanafunzi? Ni viranja kama wa kwetu?

Si viranja. Aliyesoma Tanzania au Kenya anakumbuka kaka mkuu na dada mkuu, kiranja wa bweni, na yule wa zamu aliyeandika majina ya wapiga kelele. Aliyesoma Kongo anamkumbuka shefu wa darasa. Hao wote walikuwa mkono wa walimu, na wengine walikuwa na uwezo wa kuadhibu. Baraza la wanafunzi la sekondari ya Marekani halimwadhibu mtu. Lina rais, makamu, katibu, mweka hazina na wawakilishi wa kila darasa, na kazi yake ni kupanga shughuli, kuchangisha fedha, na kupeleka kwa uongozi wa shule yale wanafunzi wanayoyataka, iwe ni muda wa chakula cha mchana au mashine ya maji iliyoharibika. Chama cha taifa cha mabaraza hayo kilianzishwa mwaka 1931 kwa juhudi za Warren Shull, mkuu wa shule huko Valparaiso, Indiana.

Tofauti yake na NHS ni kwamba hapa wanaochagua ni wanafunzi wenzake. Mtoto mwenye lafudhi, aliyefika miaka miwili iliyopita, hudhani hawezi kushinda, lakini nafasi ya uwakilishi wa darasa mara nyingi huwa na wagombea wachache kuliko viti. Aanzie hapo.

Anaweza kusema lolote katika hotuba ya kampeni?

Hapana, na kesi maarufu ya jambo hili ilitokana hasa na uchaguzi wa namna hiyo. Mwaka 1983, katika sekondari ya Bethel jimboni Washington, mwanafunzi Matthew Fraser alisimama mbele ya wenzake wapatao 600 kumnadi rafiki yake aliyegombea umakamu wa rais, akatoa hotuba iliyojaa mafumbo ya kingono. Shule ilimsimamisha siku tatu. Mahakama za chini zilimpa ushindi, lakini mwaka 1986 Mahakama Kuu ikaipa shule haki, kwa kura saba dhidi ya mbili. Kwa upande mwingine, mwaka 1969 mahakama hiyo hiyo ilikwisha kusema, katika kesi ya wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, kwamba mwanafunzi haachi uhuru wake wa kusema getini. Kwa maneno mengine, kijana anaweza kukosoa chakula cha shule, sera ya simu, hata siasa za nchi. Matusi na mafumbo ya chumbani yabaki nje.

Kwa nini mwanangu anataka kwenda shule amevaa nguo za kulalia?

Kwa sababu ni wiki ya homecoming, sherehe ya majira ya vuli yenye mechi ya mpira wa Kimarekani na dansi, ambapo baraza hupanga kila siku vazi lake. Hakuna aliyerukwa na akili. Kushiriki si lazima, na mtoto anayefuata mavazi ya dini yake anaweza kushiriki kwa rangi tu. Dansi ya homecoming na ile ya prom mwishoni mwa mwaka hulipiwa tiketi. Mzazi mwenye wasiwasi aulize ni walimu gani watakuwepo na mlango unafungwa saa ngapi.

Baraza limeandaa uchangiaji wa damu, lakini mwanangu amekataliwa. Ana ugonjwa?

Huenda hana ugonjwa wowote. Umri wa kuchangia ni miaka 17 katika majimbo mengi, au 16 kwa saini ya mzazi pale inaporuhusiwa, na mtu huhitaji angalau kilo 50. Zaidi ya hayo, aliyeishi zaidi ya miaka mitano katika nchi zenye malaria husubirishwa miaka mitatu tangu alipoondoka huko. Mtoto aliyewasili mwaka jana kutoka Bujumbura akikataliwa mezani mbele ya wenzake huona aibu, na ni vema aelezwe nyumbani mapema. Meza ya kuandikisha wachangiaji na ya kugawa maji na biskuti zinahitaji watu vilevile, na saa za hapo huhesabiwa.

Vyuo vikuu vinajali haya yote?

Kwa kiasi. Jina NHS peke yake halifungui mlango, kwa kuwa waombaji wengi wanalo. Kinachosomwa ni kazi iliyo nyuma yake. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi, Common Application, huruhusu shughuli kumi, kila moja ikielezwa kwa herufi zisizozidi 150, na kati ya aina za shughuli zilizoorodheshwa yamo majukumu ya kifamilia. Pale ndipo malezi ya wadogo zake hupata mahali pake. Wanachama wa mwaka wa mwisho wanaweza pia kuomba ufadhili wa NHS yenyewe, ambao umekuwa ukitolewa tangu 1946.

Sijui Kiingereza. Nitawezaje kuzungumza na mwalimu mlezi?

Ombeni mkalimani wa Kiswahili kupitia ofisi ya shule, siku kadhaa kabla. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu hufungwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza ubaguzi wa asili ya taifa, na wilaya nyingi hutumia wakalimani wa simu. Semeni pia ni Kiswahili cha wapi, kwa kuwa mama wa Uvira na mkalimani wa Zanzibar wanaweza kuhitaji dakika tano za kuzoeana.

Usiku wa kuapishwa, sisi wazazi tunatakiwa kufanya nini?

Kufika kwa wakati, kwanza. Saa moja jioni ni saa moja jioni. Mishumaa minne huwashwa, mmoja kwa kila nguzo, majina husomwa, na wanachama wapya hula kiapo na mara nyingi kutia saini katika kitabu cha tawi. Mwandikieni mwalimu mlezi wiki moja kabla jinsi jina la mtoto linavyotamkwa, silabi kwa silabi. Shule nyingi huomba watu wasishangilie mpaka jina la mwisho lisomwe, kwa hiyo akina mama wazuie vigelegele mpaka hapo. Baada ya hapo, hakuna kanuni inayovikataza.